Mfuko wa Tano

Jumanne ile, saa tisa mchana, Mama Sindano alikuwa amechuchumaa uani akimsugua askari meno kwa mswaki wa mtoto.

"Taratibu basi, utamtoa fizi," Wifi alimwambia kutoka mlangoni.

"Hana fizi."

"Ndiyo maana halalamiki. Angekuwa nazo angekwambia mswaki huo mgumu."

Wifi, dada wa mumewe, alikuja kutafuta kazi akasema atakaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa saba. Kwa hiyo katika nyumba ile yeye hakuwa na mdomo wa kulalamikia wageni. Lakini mdomo alikuwa nao, na mali bila matumizi huoza. Kila asubuhi alipofagia chini ya cherehani aliligonga lile sanduku la mbao kwa ufagio na kusema, "Sogeza miguu, mpangaji," halafu akacheka peke yake.

Mpangaji, yaani mifupa ya yule askari, alikuwa amekaa pale wiki kumi na moja. Fundi, mume wa Mama Sindano, alikuwa fundi bomba siku tano za juma. Jumamosi na Jumapili alipanda na wenzake watano kwenye kilima kilicho nyuma ya machimbo ya kokoto, mahali palipopiganwa vita zamani, wakiwatafuta askari ambao hakuna aliyerudi kuwachukua. Hawakulipwa, wala nauli hawakurudishiwa. Fundi alitumia fimbo ileile ya chuma anayotafutia mabomba yaliyofukiwa. Ardhi iliyowahi kuchimbwa, hata ipite miaka themanini, haishiki kama ardhi ambayo haijaguswa. Chuma kikizama kama kimeitwa, Fundi husimama, hunyamaza, kisha huinua mkono.

Kundi lao lilikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mtu mmoja, mfuko mmoja. Mifuko aliishona Mama Sindano kwa kitambaa cheupe cha pamba. Iliyojaa ilipaswa kupelekwa Ofisi ya Mabaki, lakini stoo ya ofisi ilikuwa imejaa tangu mwaka juzi, na barua yenye mhuri ikawaambia wakae nayo majumbani. Waliliita jambo hilo hifadhi ya muda.

Mpangaji huyu lakini alikuwa na bahati kuliko wote, kwa sababu alitoka na kifuniko cha kopo la chakula chenye jina lililokwaruzwa kwa msumari. Jina lile lilikuwa na binti. Alikuwa mtoto wa kunyonya baba alipoondoka, na sasa ni bibi wa miaka themanini na moja anayeishi ng'ambo ya reli. Bibi aliwaambia jambo moja alilowahi kuambiwa na mama yake: mtu yule alianguka mtini utotoni, akavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa mwembamba unaotoka kooni kwenda begani, ukaunga vibaya. Na ndani ya mfuko mtulinga ulikuwepo, wa kushoto, umepinda kama kiwiko cha bomba. Ushahidi wa pili ukapatikana. Fundi alikwenda ofisini mara tisa. Mara ya tatu aliambiwa alete kile kifuniko kwa nakala tatu. "Nakala tatu za kifuniko!" aliwasimulia wenzake, na hakuna aliyecheka. Mara ya tisa, yaani jana Jumatatu, fomu ikapita. Mazishi Jumamosi.

Na kwa kuwa fomu ilikuwa imepita, sasa ndipo waliporuhusiwa kuosha. Kabla ya hapo kila kitu kilipaswa kukaa kama kilivyotoka, na udongo wake.

Mama Sindano aliweka taya juu ya taulo, akalichukua bonge la mwisho la udongo, kubwa kama mkate, akalitumbukiza kwenye beseni. Likatoa mapovu. Akalisubiri, akalikanda kidogo, likafunguka mikononi mwake. Ndani yake ulikuwa mfupa mwembamba, mrefu, mnyoofu.

Akaugeuza. Akaugeuza tena. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipachika mikono ya mashati, na mshonaji anaweza kusahau chungu jikoni, lakini bega la kushoto hawezi kulidhania la kulia. Akaulaza kwenye taulo kando ya ule uliopinda.

"Wifi, hebu njoo."

"Siji. Ndiyo kwanza nimekula."

"Mtu ana mabega ya kushoto mangapi?"

"Inategemea ukoo. Kwetu ni moja."

Mama Sindano hakucheka. Maji ya beseni yalikuwa yanamdondoka kwenye vidole vya miguu, na hakuusogeza mguu.

*

Fundi alirudi saa kumi na moja, begani kipande cha bomba, mkononi kisanduku cha vifaa. Alifurahi kuona vitu vimeanikwa. Kisha akaona mitulinga miwili imelala sambamba kwenye taulo. Akakiweka kisanduku chini, akakikalia. Hakuuliza ule wa pili umetoka wapi, na kwa kutouliza kwake mkewe akajua.

"Ulijua."

"Sikujua. Nilishuku."

"Kushuku ni kujua kwa mtu mwoga."

"Haya, nitukane." Akavua kofia. "Mvua ilikuwa inakuja. Shimo linaingia maji, na udongo wa pale ukinywa maji unakuwa uji. Mimi natoa upande huu, dereva wetu anatoa upande ule. Tumeshajaza mifuko minne. Nikaingiza mkono kwenye begi nitafute wa tano." Akaikunja kofia. "Haukuwepo. Uliniahidi mitano, ukanipa minne. Nikasema basi, tia humu kwenye wa nne, tutatenganisha nyumbani. Halafu kikatoka kifuniko, watu wakapiga kelele za furaha, na mimi nikasahau. Nikataka kusahau."

Mama Sindano aliujua mfuko wa tano ulikokwenda. Kitambaa chake alikikata yeye mwenyewe, kikawa mifuko ya ndani ya sketi za shule, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na mteja amesimama mlangoni anatikisa mguu. Alijiambia askari amengoja miaka themanini, wiki moja haitamuua, mwanafunzi hangoji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba umenikosesha mfuko? Ungeniuliza kwa nini sikuvua shati likawa mfuko."

"Kwa nini hukuvua shati?"

"Mvua ilikuwa inanyesha!"

Kutoka ndani Wifi alicheka, akajifanya anakohoa.

Fundi akasogeza kisanduku karibu, akashusha sauti. "Sikiliza, mama watoto. Huu mnyoofu uweke ndani na mingine. Tunafunga sanduku. Jumamosi tunazika. Bibi wa watu anapumzika, sisi tunapumzika, hata huyu dada yangu anapumzika."

"Mimi nilishapumzika," sauti ikatoka ndani.

"Na mwenye bega hili?"

"Si atazikwa naye! Kwa heshima zote, na watu wamevaa vizuri. Si bora kuliko kulala chini ya cherehani?"

"Kwa jina la mtu mwingine."

"Yeye hana jina."

"Analo. Sisi ndio hatulijui."

Fundi akasimama, akatembea mpaka ukutani, na kwa kuwa ua wenyewe ulikuwa hatua nne, akarudi. "Mara tisa," akasema. "Mara tisa nimekaa kwenye benchi lile. Kuna siku niliacha kazi ya tangi zima la maji, mteja akampa mwingine. Kijana mdogo wa nyuma ya kaunta ananiambia, mzee, wewe hujui kusoma? Nimemeza. Nimemeza yote kwa sababu ya Jumamosi hii. Ukifungua mdomo wako wanaifuta fomu. Na yule mama analazwa mwezi ujao, moyo. Unataka azike au azikwe?"

 Mama Sindano alichukua ule mfupa mnyoofu, akaufunga kwenye kitambaa kikavu, akaingia nao ndani. Usiku kila mmoja alilala ameupa ukuta wake uso.

*

Asubuhi alikuja Sista, muuguzi wa kundi lao, moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu. Yeye ndiye aliyewafundisha wote kusoma mifupa. Alitandaza shuka juu ya meza ya kukatia, akaondoa mkasi na chaki, akaanza kupanga. Alipanga kwa saa nzima. Mama Sindano alishona sare huku anamtazama, na kila alipoinua macho, mtu mmoja alikuwa anazidi kuwa wawili.

"Huyu," Sista alisema mwishowe, akionyesha safu ya kushoto, "ni mtu mzima. Uti wa mgongo umechoka, huyu alibeba mizigo. Mtulinga uliopinda ni wake. Ndiye baba yake Bibi, sina shaka." Akaonyesha ya pili. "Huyu ni kijana. Tazama ncha ya mfupa huu, haijafunga kama ya mtu mzima. Hakufika miaka ishirini na mbili. Na taya ni lake."

"Taya nililolipiga mswaki?"

"Ni lake. Meno yote mazima, mwenye bahati. Mimi nina miaka thelathini na nane, na manne sina."

Fundi alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai kisichopungua. "Na kitabu chetu cha sheria kinasemaje?"

"Unajua kinavyosema, ulikiandika wewe. Mtu mmoja, mfuko mmoja. Na aliyekosea aseme mwenyewe."

"Kwa karani nitakwenda. Kwa Bibi siendi." Akakitazama kikombe. "Siku nilipompelekea habari ya kifuniko alinishika mikono akaniita mwanangu. Siwezi kwenda kumnyang'anya baba."

Mama Sindano alisimamisha cherehani, akafuta nyuzi kwenye sketi.

*

Njia nzima ng'ambo ya reli alijipangia maneno. Alipofika yakamtoka kichwani, kwa sababu kitu cha kwanza alichokiona barazani kilikuwa viti. Viti thelathini vya plastiki vya kukodi vimepangwa vikibebana, na Bibi akiwa na sweta lake la kijivu, kitambaa mkononi, anavifuta kimoja kimoja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema, sijamaliza. Hebu tazama walivyoniletea, vina matope kama vimetoka kulima. Nikawaambia hivi si vya sherehe ya mtaani, baba yangu anarudi. Shika kitambaa hicho."

Mama Sindano alishika kitambaa. Akafuta kiti cha kwanza. Alipofika cha tatu akaona akifika cha nne hatasema tena, akasema. Alisema yote: bonge la udongo, bega la pili, mvua, mfuko uliokosekana na ulikokwenda. Hakuziacha hata sketi.

Bibi aliendelea kufuta kiti kilekile.

"Ungenyamaza," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini hukunyamaza? Watu wote wanajua kunyamaza. Serikali imenyamaza miaka themanini, wewe siku nne zimekushinda?"

"Zimenishinda, Bibi."

"Mumeo yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Amekutuma?"

"Amenikataza."

"Basi ana akili kukuzidi." Akakaa juu ya kiti alichokuwa anakifuta. Pumzi zilikuwa zinamtoka fupi fupi. Mama Sindano alipiga hatua kumshika, mkono ukasukumwa kando kama nzi. "Niache. Daktari amenikataza ngazi, hakunikataza hasira." Akatazama ukuta wa viti. "Nimeshawaambia watu. Nimemwambia hadi yule jirani anayesema nabuni habari za baba. Nilitaka nimzike kwanza, halafu wanilaze, wanipasue wanavyotaka. Sasa nitamwambia nini?"

 Treni ya mizigo ikapita nyuma ya nyumba, ndefu, wakalazimika kungoja ipite ndipo waendelee kukosa la kusema.

"Huyo mwingine," Bibi akauliza, "ana nini?"

"Hana kitu. Hana kifuniko, hana kifungo. Sista anasema hakufika miaka ishirini na mbili. Meno yake yote mazima."

"Mimi nina mjukuu wa miaka hiyo. Hajui hata kufua soksi."

Alikunja kitambaa, akakifungua, akakikunja tena. Alipozungumza, alizungumza kama anayegombana na mtu aliyeko chumbani. "Nikimfunika kwa jina la baba yangu, mtu wake akija kumtafuta atasoma jiwe. Atasema huyu si wetu. Atapita. Mimi nimepita chini ya kile kilima ujana wangu wote na gunia la mkaa kichwani. Nimepita, nikarudi, nikapita. Hakuna aliyeniambia, simama." Akamwinulia macho. "Simtakii mtu jambo hilo. Lakini nimekasirika, unasikia? Usije ukatoka hapa ukasema Bibi amepokea vizuri."

"Sitasema, Bibi."

"Haya. Na hivi viti utanisaidia kuvirudisha. Mwenyewe ana mdomo."

Mwenye viti alikuwa nao kweli. Alisema mbele ya wapita njia kwamba malipo ya kutangulia hayarudi, na kwamba kama maiti amebadili nia si kosa la viti.

*

Alhamisi walikwenda ofisini wote wanne: Fundi na sanduku, Mama Sindano na mfuko mpya, Sista na ripoti yake, na Bibi, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumzuia. Mfuko mpya ulikuwa wa bluu. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha, vilibaki vipande vya sare, na Mama Sindano aliushona mbiombio kati ya mteja na mteja.

Kaunta ilikuwa na tangazo: MABAKI HAYAWEKWI JUU YA KAUNTA. Kwa hiyo Bibi alikaa kwenye benchi na kumpakata baba yake.

Karani alisoma ripoti ya Sista mpaka mwisho, akairudia mwanzo.

"Fomu hii ni ya mtu mmoja."

"Ndiyo," akasema Fundi.

"Nyinyi mnasema ni wawili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mlidanganya."

"Tulikosea."

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya kukosea." Hakusema kwa ubaya. Aliigeuza fomu aonyeshe upande wa nyuma, kweli haikuwepo. "Nani alichanganya?"

"Mimi," Fundi akasema.

"Mfuko ulipungua mmoja," akasema Mama Sindano. "Mimi ndiye niliyepaswa kuushona."

Fundi akamtazama. Tangu Jumanne hakuwa amemtazama hivyo.

"Mfuko hauna fomu," karani akasema. "Sasa sikilizeni, nisije nikarudia. Faili la kwanza linasimamishwa. Ili lifunguliwe upya, faili la huyu wa pili lazima liwepo. Faili la wa pili linataka mwombaji. Mwombaji lazima awe na uhusiano na marehemu. Marehemu hajulikani. Asiyejulikana hana ndugu. Bila ndugu hakuna mwombaji, bila mwombaji hakuna faili, na bila faili la pili, la kwanza halifunguki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mngenyamaza tu, mama. Kesho kutwa mngekuwa mnazika."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya mkato aliyoikosa. Hapo ndipo Mama Sindano aliposikia masikio yake yanapata moto. Wote, kuanzia mumewe hadi kijana huyu, walikuwa wamemwambia neno lilelile, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

"Nipe fomu."

"Ya nini?"

"Ya mwombaji. Hiyo hapo chini ya kiwiko chako."

Karani alimpa kwa kuchoka. Yeye akainama kwenye kaunta, akaandika jina lake lote, na mtaa, na kazi. Penye neno Uhusiano alisimama kidogo, kisha akaandika na kumrudishia.

Karani akasoma. "Mwenyeji wake." Akainua uso. "Hii si aina ya undugu, mama."

"Amelala kwangu wiki kumi na moja. Nimemwogesha. Meno yake nimeyapiga mswaki kwa mkono huu. Nina wajomba ambao hawajawahi kulala kwangu hata siku moja, na nikifa leo hao ndio utakaowaandika."

Kwenye benchi mtu alicheka, na mwingine akasema, "Mwandike! Mwandike mama wa watu, tuna njaa."

"Utaratibu—"

"Utaratibu unasema uhusiano. Haukusema damu. Nisomee paliposema damu."

Karani alitafuta. Alitafuta kweli, hata nyuma. Kisha akatazama saa ya ukutani, dakika saba kabla ya chakula cha mchana, akavuta mhuri. Ulipotua, Bibi alifumba macho.

"Uchunguzi upya kwa mafaili yote mawili," karani alisema akiandika. "Siku tisini za kazi."

"Za kazi?" Fundi akauliza.

"Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi."

"Sisi tunachimba Jumamosi na Jumapili."

"Ndiyo maana hazihesabiwi."

Fundi alifungua mdomo, na mkewe akamkanyaga mguu. Yule mwenye njaa kwenye benchi akataka kufariji: "Bibi, umengoja miaka themanini. Siku tisini ni nini?"

"Ni siku tisini," Bibi akasema. "Zihesabu wewe uone."

"Na mabaki yatakaa wapi?" Sista aliuliza, ingawa alijua.

"Stoo imejaa. Hifadhi ya muda." Karani alikuwa ameshasimama, funguo mkononi. "Palepale yalipokuwa."

*

 Penye njia panda ya kwenda relini, Sista akaagana nao akalale. Bibi hakugeuka. Aliendelea kuwafuata, hatua fupi, pumzi fupi, mpaka mlangoni.

"Nataka nipaone anapokaa," akasema.

Mama Sindano aliona haya. Aliona chumba chake kama atakavyokiona mgeni: vipande vya nguo sakafuni, sare za watu zimening'inia msumarini, sahani ya mtoto na uji mkavu ubavuni. Lakini Bibi alikwishaingia na kukalia kigoda cha wateja. Wifi akatokea na chai bila kuitwa, jambo ambalo halijatokea miezi saba.

"Karibu, Bibi. Usiwe na wasiwasi, hapa sote tulikuja kwa wiki mbili."

Bibi alimtazama, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. "Hapa ndipo?"

"Hapo chini, Bibi," akasema Fundi. "Karibu na pedali. Hapaingii maji, nimepaangalia mwenyewe."

"Kelele za mashine?"

"Mchana tu."

"Hewala. Mtu aliyelala peke yake miaka hiyo yote, kelele kidogo si mbaya." Alinyoosha mkono kwenye mfuko mweupe wa baba yake na kupapasa kwa nje, polepole, kidole baada ya kidole, mpaka alipoupata mtulinga uliopinda. Akakaa ameushika hivyo, kitambaa katikati, chai ikapoa. Hakulia. Aliposhiba akauachia, akauvuta ule mfuko wa bluu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Huu nani kashona?"

"Mimi, Bibi. Jana."

"Kwa haraka."

"Kwa haraka, ndiyo."

"Inaonekana. Pindo limekwenda upande. Hapa uzi umeruka. Bluu si mbaya, kijana anapendeza na bluu. Lakini pindo hili, mwanangu, hata mtoto wa shule angelirudisha."

 Mama Sindano angeweza kutaja wateja, nyuzi, siku yenyewe ilivyokuwa. Akakumbuka sketi, akanyamaza.

"Fumua," Bibi akasema.

"Sasa hivi?"

"Kwani ana haraka ya wapi? Si tuna siku tisini?"

"Za kazi," Fundi akasema kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, kama nati iliyokwishazungushwa na spana mara ya kwanza.

Bibi alivua sweta lake la kijivu, akalitandaza mapajani. Mama Sindano akafungua mfuko wa bluu, akampa mifupa mmoja mmoja, na yeye akaipokea, akiilaza kwa mpango wake mwenyewe, mirefu kwa mirefu. Ulipofika mtulinga, akauinua mbele ya macho, akapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukuwa na pindo popote, wala kovu.

"Tazama," akasema. "Huyu hakuanguka mtini hata mara moja. Mama yake alimchunga."

Mama Sindano akachukua wembe, akatafuta uzi wa kwanza.